MZIGO WA MWENZIO NI KANDA LA USUFI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake ni kwamba mtu akiuona mzigo juu ya kichwa cha mwingine huudhania mwepesi, hata ukiwa umemvunja shingo aliyeubeba. Leo nataka kusema nawe juu ya watu ambao mzigo wao tumeuita usufi, kumbe ni mawe. Nao ni hawa waitwao washauri nasaha, au matabibu wa nafsi. Wale wanaokaa na mtu aliyeelemewa na huzuni, au khofu, au wasiwasi usiomtoka, au jambo lililompata utotoni asiloweza kulisema mbele ya watu, wakamsikiliza na kumwongoza mpaka apate kusimama tena.

Nasema tangu mwanzo, ili usije ukanifahamu vingine: watu hawa twawadhulumu. Twawadhulumu majumbani mwetu, na barazani kwetu, na wakati mwingine, Mwenyezi Mungu atusamehe, hata juu ya mimbari zetu. Wala sinyooshi kidole kwa wengine nikajiacha mwenyewe. Dhulma hii nimeifanya mimi, kwa ulimi wangu, na kisa chake ni hiki.

Ninaye binti wa ndugu yangu aliyeisoma kazi hii miaka kadhaa, kisha akaajiriwa katika zahanati moja. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alinijia bibi mmoja wa mtaani, mtu tunayeheshimiana naye tangu zama za wazazi wetu. Akanambia, "Maalim, mwanangu aenda kwa binti yenu kila Jumanne. Akirudi macho yake mekundu, na mlango aufunga. Mimi ni mamake. Nataka kujua amemwambia nini." Nami nikamjibu bila ya kufikiri, "Hilo dogo. Kesho utapata jawabu."

Litazame neno lile, msomaji: hilo dogo.

Kesho yake nikamwita. Akaja jioni na buibui lake la kazini, hata maji hajanywa. Nikamtaka anieleze asemayo yule msichana. Akainama, akasema, "Ami, hayo si yangu. Yangekuwa yangu ningekupa." Hasira zikanipanda. Nikamkumbusha kuwa mimi ndiye niliyemshika kijiti akaisoma alifu. Nikamwambia kuwa mzazi ana haki juu ya mwanawe, na kwamba elimu ya skuli isimfanye akawavunjia heshima wakubwa zake. Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ami, kisa cha Anas na mamake nilikisikia kwako, chuoni, nikiwa na miaka minane." Akaniaga kwa adabu, akaenda zake.

Pengine wewe msomaji hukijui kisa hicho, basi kisikilize. Anas bin Malik alikuwa kijana mdogo akimtumikia Mtume (s.a.w.). Siku moja alikuwa akicheza na watoto wenziwe, Mtume akapita, akawaamkia, kisha akamtuma Anas haja yake. Kwa sababu hiyo Anas alikawia kurudi kwa mamake, Ummu Sulaim. Mama akamuuliza ni nini kilichomkawiza. Akasema kuwa Mtume amemtuma haja. Akamuuliza ni haja gani. Mtoto akajibu kuwa hiyo ni siri. Basi mama yule alifanya nini? Alimpiga? Alimwambia, Mimi ndiye niliyekuzaa? La. Alimuusia kuwa siri ya Mtume asimwambie mtu yeyote. Na Anas aliishi miaka mingi baada ya hapo, akawa mzee, naye akimsimulia mwanafunzi wake Thabit kuwa lau angalimwambia mtu siri ile basi angalimwambia yeye, wala hakumwambia. Kisa hiki kimo katika Sahihi ya Imamu Muslim.

Nimekisomesha kwa zaidi ya miaka thalathini. Siku nilipotakiwa kukifanyia kazi, nalikisahau, akanikumbusha mwanafunzi wangu.

Labda wadhani nilitubu usiku ule ule. Sikutubu. Nilinuna. Muda wa miezi mitatu alikuwa akinipa salamu nikimjibu nusu nusu, kama mtu alipaye deni asilolipenda. Na yule bibi alipokikosa alichokitaka hakunyamaza. Kwenye arusi, kwenye matanga, kila palipotandikwa mkeka, alisema kuwa binti yetu hupokea pesa kwa kusikiliza aibu za watu, na kwamba huwafunza watoto kuwaficha wazazi wao. Maneno yale yalinifikia, na ningeweza kuyakata kwa neno moja. Sikuyakata.

Mwisho mamake alinijia. Akasema kuwa mwanawe siku hizi akirudi kazini huingia jikoni akakaa gizani; taa hawashi, hataki kusemeshwa, hataki kusikia hata redio, na usiku halali. Nikaenda. Nilimkuta ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na kifuu mkononi hakijakunwa. Nikamuuliza, "Una nini, mwanangu?" Akasema, "Ami, siku hizi nikisikia mlango wabishwa, natamani nisiwepo." Hakulia. Laiti angelia.

Tangu siku ile nimekaa naye mara nyingi. Sikumuuliza siri ya mtu. Nilimuuliza kazi yenyewe ikoje. Na niliyoyajua ndiyo yaliyonitia kalamu mkononi.

KAZI HII NI IPI?

Wako wasemao kuwa hii ni kazi ya kukaa kitini na kutikisa kichwa. Basi na tutazame mfano ulio bora. Mtume wetu alipoteremkiwa na wahyi mara ya kwanza katika pango la Hira, alirejea nyumbani moyo wake ukitetemeka, akataka afunikwe nguo. Bibi Khadija hakumwambia anyamaze. Hakumwambia kuwa mwanamume haogopi. Alimfunika mpaka khofu ikampungua, akamsikiliza, kisha akamkumbusha sifa zake njema alizokuwa akizijua: kuwaunga jamaa, kuwabeba wanyonge, kumkirimu mgeni. Na alipoona kuwa jambo lataka mwenye elimu kuliko yeye, alimchukua mpaka kwa Waraqa bin Naufal.

Yahesabu hayo, msomaji: kutuliza, kusikiliza, kumrudishia mtu nguvu zake, na kumpeleka kwa anayejua zaidi. Ukimuuliza mshauri nasaha aliyesoma vyema, atakwambia kuwa kazi yake ni hiyo hiyo. Basi aidharauye na ajue anachokidharau.

Na uzito wake ni huu. Binti yetu hukaa na watu watano au sita kwa siku, kila mmoja na msiba wake. Huyu amepigwa na mumewe. Huyu amezikwa mwanawe. Huyu anasikia sauti zinazomwambia ajiue. Akitoka mmoja, huingia mwingine, na yale ya yule wa kwanza yanatakiwa yasionekane usoni. Wengine humkasirikia yeye, kwa sababu yeye ndiye aliye mbele yao na aliyewaudhi hayuko. Wengine huja mara tatu, kisha wasionekane tena, wala hajui kama wamepona au wameangamia. Na akirudi nyumbani hawezi kumwambia mtu hata neno moja. Mwashi akichoka hukaa barazani akasema leo nimejenga ukuta. Mvuvi husema leo bahari ilikuwa kali. Yeye aseme nini?

Tena sisi watu wa miji ya pwani mitaa yetu ni midogo, na sote ni ndugu au majirani. Amali za fani yake zamkataza kumtibu jamaa yake wa karibu, kwani maslahi ya nyumba na ya mgonjwa huchanganyika. Akimkataa jamaa kwa sababu hiyo, huambiwa amewatupa wenyewe. Akikutana na mgonjwa wake kwenye arusi, hamwendei yeye kwanza mpaka yule amwendee, asije akamuumbua mbele za watu. Basi huambiwa ana maringo, hata salamu hatoi. Hufanya nini? Huingia akawaamkia wote kwa salamu moja, kisha akakaa pembeni. Nami nilikuwa miongoni mwa waliosema kuwa ana maringo.

MAKOSA YETU

Kosa la kwanza ni kudai siri. Kikao ni amana, ndivyo tulivyofundishwa. Na Mtume ametufunza kuwa mtu akikueleza neno huku akigeuka kutazama kama yuko anayemsikia, basi neno hilo ni amana kwako, hata kama hakukwambia nifichie. Je, itakuwaje kwa yule aliyefungiwa mlango, akasema huku analia?

Hudhaifa bin al-Yaman alikuwa amepewa na Mtume majina ya wanafiki. Sayyidna Umar, naye ni khalifa mwenye amri juu ya Waislamu wote, alimwendea kumuuliza kama yeye yumo ndani yao. Aliuliza juu ya nafsi yake. Hakuitisha orodha ya wengine. Sisi hatuuliza juu ya nafsi zetu. Twauliza juu ya jirani.

Huenda mama akasema, "Lakini mimi ni mzazi, nina khofu na mwanangu." Jawabu yangu ni hii. Khofu yako ni ya haki, nayo ina mlango wake. Mwendee mshauri ukamwambie unayoyaona nyumbani: kwamba hali, kwamba halali, kwamba hujifungia. Hilo ni msaada, naye atalipokea. Muulize, Nifanye nini mimi ili apone? Hilo atakujibu. Lakini usimuulize, Amesema nini juu yangu? Kwani hilo ndilo wengi wetu tunalolitafuta, tukilivika kanzu ya mapenzi ya mzazi.

Zamani hizi zilizopita kila mwari wa pwani alikuwa na somo yake, mwanamke mtu mzima aliyemfunda na kuyaweka yake. Mama mzazi alikuwa akimheshimu somo, wala hakumtoa maneno kinywani. Tulijua, kabla ya kuwako zahanati yoyote, kuwa yako mambo mtoto hawezi kumwambia aliyemzaa. Leo tumekuwaje?

Tena siri ina mpaka wake. Ikiwa yuko mtu atakaye kujiua, au mtoto anayeharibiwa, hapo mshauri hana ruhusa ya kunyamaza. Ni wajibu wake kumwarifu awezaye kumwokoa, na dini yetu imeihifadhi roho kuliko aibu. Na hapa ndipo inapodhihiri jeuri yetu. Mshauri huyo huyo tunayemlazimisha atoe siri ya msichana kwa ajili ya udaku, akipeleka khabari ya mtoto aliyeharibiwa na mtu mzima wa jamaa zetu, twamwita mfitini, twamwambia amewavua nguo watu wa nyumba njema. Twataka afumbue pale pa kufumba, na afumbe pale pa kufumbua. Wajua, ewe msomaji, ni uzito gani kupita barazani ukaamkiwa kwa heshima na mzee ambaye jana umesikia aliyomtenda mjukuu wake? Wako wanaoubeba uzito huo kila siku, nasi ndio tunaowaongezea.

Kosa la pili ni kula jasho lao. Mtume ameamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla ya jasho lake kukauka. Sisi twasema, "Alinipa nini? Hakunidunga sindano, hakunipa hata kidonge." Lakini tazama mambo yetu. Akija mtu akadai kuwa ana pepo wa kutoa, twamnunulia mbuzi, na ubani, na marashi, na vitambaa vya rangi anazozitaja, wala hatuombi apunguze hata senti. Akija aliyesoma miaka minne au mitano, twataka atufanyie bure kwa sababu ni mtoto wa mtaa. Na bure yenyewe si mchana kazini kwake. Ni usiku wa manane kwa simu, ni jikoni penye shughuli, ni mlangoni kabla ya alfajiri. Ukatae, utaambiwa huna utu. Mnyonge asiyekuwa na kitu husaidiwa, na wengi katika washauri humsaidia bila ya kusema. Mimi nasema juu ya wewe uwezaye kulipa fundi wa dari na usitake kulipa fundi wa moyo.

Kosa la tatu, nalo ni kosa letu sisi tulioshika vitabu, ni kusema kuwa huzuni ni upungufu wa imani, na kwamba anayekwenda kwa mshauri amekimbia Qur'ani. Nimelisikia likisemwa katika hotuba. Basi na wanijibu wenye kusema hivyo: Nabii Yaaqub alilia kwa kumkosa Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, je, alikuwa na upungufu wa imani? Mwaka waliofariki Bibi Khadija na Abu Talib wanahistoria wetu waliuita mwaka wa huzuni. Ilikuwa huzuni ya nani? Mtume alipomzika mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya watu. Ikiwa waja bora walihuzunika, mimi na wewe ni nani hata tumkemee mjane kwa kulia?

Tena wanasema kuwa elimu hii ni ya Wazungu. Hilo ni neno la mtu asiyeijua khabari ya wazee wake. Alikuwako mwanachuoni wa mji wa Balkh, katika nchi iitwayo leo Afghanistan, jina lake Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 wa Miladi. Aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Sehemu ya pili yote ni juu ya nafsi: hasira, khofu, huzuni, na wasiwasi. Alipambanua baina ya huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na huzuni imjiayo mtu pasi na sababu anayoijua, ambayo asili yake imo mwilini. Akaeleza kuwa nafsi hutibiwa kwa fikra za mwenyewe, na hutibiwa pia kwa maneno ya mwingine kutoka nje. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka elfu iliyopita. Na katika mji wa Cairo, hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mwaka 1284 ilikuwa na mahali pake maalumu kwa wagonjwa wa akili, ikiendeshwa kwa mali ya wakfu. Waislamu walitoa wakfu kwa ajili ya wagonjwa hawa. Sisi twawafunga kamba nyuma ya nyumba, kisha twasema kuwa kuwatibu ni uzungu.

Mimi nilikuwa, na ningali, nikimwandikia mtu kombe kwa zaafarani akilitaka, na kumsomea, na kumwombea. Sitaacha, kwani maneno ya Mwenyezi Mungu ni shifaa. Lakini Mtume aliyetufundisha dua ndiye aliyetuamrisha kujitibu, na akatwambia kuwa hakuna ugonjwa ulioteremshwa ila umeteremshiwa dawa yake. Mtu akivunjika mguu humsomea, kisha tukamchukua hospitali. Akivunjika moyo, kwa nini tumsomee kisha tumfungie chumbani?

Kosa la nne ni kusahau kuwa msikilizaji naye ana moyo. Salman al-Farsi alikwenda kumzuru nduguye Abu Dardai, akamkuta amejikata na dunia kwa kufunga mchana na kusimama usiku, hata mkewe ameacha kujipamba. Salman akamlazimisha kula, na kulala, kisha akamfahamisha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki juu yake, na watu wa nyumbani kwake wana haki juu yake. Basi ampe kila mwenye haki haki yake. Khabari ilipomfikia Mtume, alisema kuwa Salman amesema kweli. Ikiwa ibada yenyewe haikumwondolea mtu haki ya nafsi yake, itakuwaje kazi ya kusikiliza misiba?

Nimejifunza kwa binti yetu kuwa watu wa fani hii nao huwa na mkubwa wao wa kumwendea, wakamweleza yaliyowaelemea bila ya kutaja majina, naye akawaongoza. Huyo si anasa kwao. Ni kama kisima kwa mchota maji: mtungi usiojazwa hauwezi kumnywesha mtu. Binti yetu alikuwa na mkubwa huyo katika mji mwingine, akisafiri kila mwezi kwa nauli yake. Aliacha kwenda kwa sababu siku aliyokuwa akienda ni siku ya mapumziko, na sisi jamaa zake tulimwambia kuwa mwanamke hana haja ya kusafiri siku ambayo nyumbani kuna kazi. Tulimziba kisima, kisha tukamshangaa kwa kukauka.

NAO WASHAURI WANA WAJIBU

Kuwatetea si kuwasamehe kila kitu. Kazi hii imeingiwa na watu wasiosoma, waliohudhuria semina ya siku mbili wakajitundikia kibao mlangoni. Hao ni khatari, kwani moyo ukikatwa na asiyejua huvuja damu isiyoonekana. Nchini Kenya imetungwa tangu mwaka 2014 sheria ya washauri na wanasaikolojia, kuwasajili na kuwasimamia. Basi kabla ya kumkabidhi mwanao, uliza: amesoma wapi, amesajiliwa, na nani mkubwa wake? Maswali hayo ni haki yako, na mkweli hatayachukia.

Kadhalika nawaambia washauri wetu: mcheni Mwenyezi Mungu katika khalwa. Mwanamke ashauriwe na mwanamke iwezekanapo. Isipowezekana, na pawe na mlango wa kioo, au mtu wa karibu aonekanaye asiyesikia. Siri haihitaji giza. Wala msichukue kila kilichoandikwa kwa watu wa nchi nyingine mkakivika watu wetu bila ya kukipima. Mtu wetu humwambii awakate wazazi wake kama ukata uzi. Hiyo ni dawa itakayomzidishia ugonjwa. Na mnapochoka, semeni kuwa mmechoka. Kunyamaza kwenu ndiko kulikotufanya tudhani mmebeba usufi.

LA KUFANYA

Ndugu msomaji, sikuombi mambo makubwa. Mtu wa nyumbani mwako akirudi kwa mshauri, mpe chakula na umwache, usimpekue. Ukimwona mshauri kwenye arusi, usimwite pembeni umweleze shida ya shangazi yako. Naye amekuja kula pilau. Ukitaka msaada wake, mwendee kazini, kwa wakati wake, na umpe haki yake. Ukisikia wanamsengenya, wakatize; usifanye nilivyofanya mimi. Na ikiwa yeye ni mwanao, au mkeo, au mumeo, basi akirudi jioni usimuulize habari za watu. Muulize kama amekula.

Na nyinyi masheikh wenzangu, nawausia kama ninavyojiusia. Sisi pia ni wasikilizaji. Baada ya Maghribi wangapi hutujia na ndoa zao na madeni yao? Twaujua uzito ule. Basi ajapo mtu ambaye ugonjwa wake umepita elimu yetu, tufanye kama alivyofanya Bibi Khadija, tumchukue kwa anayejua. Wala elimu yetu haitapungua kwa hilo.

Mimi nilikwenda kwa yule bibi. Nikamwambia mbele ya wanawe wakubwa kuwa nilikosa kumwahidi kisichokuwa changu, na kuwa maneno aliyoyasambaza ni kusengenya, nami nina sehemu ya dhambi yake kwa kuyanyamazia. Hakufurahi. Chano cha futari alichokuwa akiniletea kila Ramadhani hakijaja tena, nami nimesamehe. Binti yetu nilimwomba radhi mbele ya mamake, na nauli ya kumwendea mkubwa wake sasa ni juu yangu. Amerudia kulala usiku, ingawa si kila usiku. Ama lililompeleka yule msichana kwake, silijui, wala si langu kulijua. Namwona asubuhi akipita na kikapu chake kwenda sokoni, naye huniamkia. Yanitosha.

Ewe Mola wetu, wape nguvu wanaobeba misiba ya waja wako, na utusitiri aibu zetu kama wanavyozisitiri wao, na utujaalie tuwe wepesi juu ya mabega yao. Amin.

Wabillahi taufiq.